Fundi na Foku ya Springi

Kazi ya chuma mimi siijui. Naanza na hilo ili baadaye nisilaumiwe. Ukinipa tupa nitajikata, ukinipa nyundo nitapiga kidole, na ukiniachia mashine ya kuchomelea utarudi ukute mtaa mzima hauna umeme. Hata hivyo kwa miaka karibu sita nilijiita mvumbuzi. Kila Jumamosi nilishuka Kisenyi, mtaa wa Kampala, nyuma ya gereji za malori, kwenye kibanda cha mabati cha mtu aliyenivumilia bila kunicheka hata siku moja. Kuna mara alinigeuzia mgongo na mabega yakawa yanatikisika, lakini hiyo siihesabu.

Jina lake nalijua ila sitalitaja. Mwenyewe hakupenda litajwe. Alisema limeandikwa kwenye karatasi za wakimbizi na hapo panatosha. Kisenyi mafundi wamejaa tele, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yule Mkongo mrefu mwenye aproni ya turubai. Alifika Kampala miaka ile vita vyetu vya themanini na sita vimekwisha kitambo, na vya kwao ndiyo kwanza vimepamba moto. Alikuja na mkewe na tupa tatu. Tupa hizo hakumwazima mtu.

Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, ambako ndiyo hutamkwa njo. Changu kilikuwa cha kambi ya polisi Naguru, ambako baba yangu, mtu wa kaskazini, alitumikia hadi kustaafu, na ambako sisi watoto tulikua na Kiswahili kwa sababu kila mlango ulikuwa na kabila lake. Kwa hiyo tulielewana vizuri, ila kila mmoja wetu alimhurumia mwenzake kwa kukosea. Jirani yake, Muganda mmoja muuza vyuma chakavu, alituambia waziwazi kwamba sote wawili hatujui. "Nyinyi munaharibu rugha ya watu," alisema, akarudi kupanga rimu zake.

Mtu akimwona Fundi akipima angedhani anacheza. Hakuwa na rula. Alipima kwa dole gumba, kwa upana wa kiganja, na kwa kipande cha utepe wa kitambaa alichokiwekea alama za mkaa. Mimi nilipomwendea mara ya kwanza nilikuwa nimebeba mchoro kwenye karatasi ya miraba, umepigwa kwa kalamu tatu za rangi, na vipimo mpaka nusu milimita. Nilikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, mwenye miaka ishirini na sita na shati lenye mfuko wa kalamu, na nilidhani dunia ilikuwa inanisubiri. Fundi aliupokea mchoro kwa mikono miwili, akautazama kwa heshima, akaugeuza, akautazama tena. Kisha akaukunja vizuri na kuutumia kushikia sufuria ya chai iliyokuwa jikoni.

"Hii karatasi iko nguvu, mwalimu," akasema.

Nilichokuwa nimechora ni foku, yaani ule uma wa mbele unaoshika gurudumu la baiskeli, ila yenye springi ndani. Wazo halikuwa langu, ingawa shuleni niliwaambia wenzangu ni langu. Nilikuwa nimenunua karanga, na karatasi zilimofungwa ilikuwa ukurasa wa jarida la nje lenye picha ya kijana amepaa juu ya mawe na baiskeli, na foku yake ina shokapu kama pikipiki. Nilipagawa. Nilirudi kwa yule mama wa karanga siku nne mfululizo nikitafuta ukurasa wa pili, nikala karanga mpaka tumbo likanisokota, na nilichopata ni maelezo ya kufuma sweta.

Nilikuwa na baiskeli ya milimani ya mtumba, nzito, foku yake ngumu. Kila nikishuka kilima cha Naguru meno yaligongana. Vijana wa pale walikuwa wakishindana kushuka kila Jumapili jioni, na mimi nilikuwa wa mwisho kila Jumapili jioni. Nilijiambia shida ni foku.

Fundi aliitazama picha ya karanga kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama mchoro wangu.

"Huyu mutu anaruka sababu gani? Barabara iko wapi?"

Nikamweleza kwamba ni michezo. Akatikisa kichwa taratibu, akaweka kidole chake cheusi nyuma ya kiti cha yule kijana, pale pasipo kitu.

"Na ule mwenye kukaa huku nyuma?"

Nikacheka. "Fundi, baiskeli hii haina nyuma."

"Baiskeli haina nyuma," akarudia, bila kubisha. Halafu akasema neno lake alilosema kuhusu kila kitu, mvua, kesi, chuma, hata ufalme wa mbinguni: "Tutaona."

Sasa niseme habari za Mama, kwa sababu bila yeye Fundi asingeigusa foku yangu. Mimi wakati ule niliamini amevutwa na kipaji changu.

Mama alikuwa mkewe. Alikaa mlangoni kwenye kigoda chenye mto wa sponji, akichambua maharage, na nyonga yake ya kushoto ilikuwa imevunjika njiani walipokuwa wakikimbia, lori lilipopinduka. Iliunga vibaya. Aliweza kutembea kutoka kigodani hadi kwa muuza vyuma na kurudi, akishika ukuta. Zaidi ya hapo hapana. Mguu haukunyanyuka kupanda ngazi ya taksi, yale mabasi madogo ya abiria, na ile purukushani ya stendi ya Kisenyi ilimtisha. Lakini watu wao walikuwa na kanisa, chumba cha kukodi upande wa Nsambya, na kanisa hilo lilikuwa na kwaya, na kule kwao Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Hilo ndilo alilolitaka. Hakutaka nyumba wala kupelekwa Ulaya. Alitaka kusimama, au hata kukaa, mbele ya kwaya ile na kuanzisha.

Fundi alijaribu kumpeleka kwenye keria ya baiskeli, yeye akiisukuma kwa miguu. Kila shimo la barabara lilimpanda Mama hadi mgongoni. Alikwenda mara tatu, mara ya tatu akafika analia na hakuweza kuimba, akasema basi. Tangu hapo aliimba pale mlangoni kwa sauti ya chini, na Fundi akipiga tupa ndani alifuata mapigo yake. Haya yote niliyajua tangu mwezi wa kwanza. Nataka hilo lieleweke, maana nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba sikujua.

Mtu mwingine angeuliza kwa nini Fundi asipande baiskeli na kumpakia mkewe kama wanaume wote wa Kampala. Jibu ni kwamba hakujua kupanda. Ndiyo! Mtu aliyenyoosha rimu za nusu ya mji, aliyeweza kusikiliza mnyororo ukipita na kusema ni jino la ngapi lililokatika, hakujua kuendesha baiskeli. Kwao alikuwa akitengeneza chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali wanayopakia viazi na makaa, unaweka goti moja juu ya ubao na mguu wa pili unasukuma ardhi. Hizo aliziendesha tangu utoto. Pedali zilimtisha. "Miguu yote mbili juu?" aliniuliza. "Na ukianguka, utashika dunia na nini?"

Alikuwa na mambo mengine ya kupingana hivyo. Alikuwa mlokole wa kweli, hakunywa, hakusema uongo hata kwa polisi, na nayajua maneno anayosema mtu kwa polisi. Lakini chuma kikimkataa alikitukana kwa lugha ya kwao kwa dakika nzima bila kurudia tusi. Kisha alivua kofia na kukiomba radhi kile chuma. Mteja mmoja alimwona akifanya hivyo akaondoka na fremu yake bila kuaga.

Na alikuwa na ugonjwa wa kukata kazi nzuri. Akimaliza kuchomelea kiungo ambacho mimi ningekibusu, alikiweka kwenye jiriwa na kukikata katikati ili aone ndani kumeshikaje. Kama kumeshika vizuri, alifurahi, na alikuwa sasa hana kiungo. Ilibidi aanze upya. Foku yangu ya kwanza ilituchukua miezi mitatu kwa sababu hiyo, na miezi miwili kati ya hiyo ilikuwa ya kuchungulia.

Ile ya kwanza ilikuwa bomba la maji ndani ya bomba la maji, na springi za kochi. Niliijaribu kwenye mteremko wa nyuma ya gereji. Springi za kochi zimetengenezwa kwa mtu anayekaa, na mimi sikukaa. Foku ilishuka mpaka mwisho, ikafikiri kidogo, ikanirusha. Nilitua kwenye lundo la maganda ya matoke. Muuza vyuma alikuja kuniinua kwa upole.

"Ssebo, hiyo baisikeri inakutaka au haikutaki?"

Ya pili tulitumia springi za vali za injini ya lori. Hii niliipenda sana. Nilizunguka nayo Kisenyi, nikapanda nayo Nsambya, nikashuka, nikarudi nikiwa nimelowa jasho na furaha, nikamwambia Fundi kwamba ni laini ajabu, kwamba nimehisi mashimo yakimezwa moja baada ya jingine. Nilikuwa nimeshawaeleza hata walimu wenzangu wawili niliokutana nao njiani. Fundi alichuchumaa, akatazama mabomba, akaniita. Kabla sijaondoka alikuwa amepaka girisi nyembamba kwenye bomba la ndani. Girisi ile ilikuwa vilevile, nzima, bila mkwaruzo.

"Mwalimu," akasema polepole, "foku haijashuka hata kidogo."

Springi zilikuwa ngumu mno. Ulaini wote ule ulikuwa kichwani mwangu. Hapo ndipo alipogeuka na mabega yakatikisika.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa foku kweli. Springi zilikuwa za pikipiki ya Kijapani iliyokufa, jozi moja tu, na Fundi alizitafuta kwa wiki nyingi. Ila springi peke yake hurusha, kama nilivyofundishwa na maganda ya matoke, na Fundi alisema inatakiwa kitu cha kuishika isirudi kwa hasira. Aliwaza pampu ya baiskeli. Ndani ya pampu kuna kikombe kidogo cha ngozi kinachosukuma hewa. Kikizamishwa kwenye mafuta, kitasukuma mafuta, na mafuta hayana haraka ya kupita. Ilitakiwa ngozi nene, iliyoiva, iliyopakwa rangi miaka na miaka.

Nikaiba buti la baba. Nasema buti, si mabuti. Baba alikuwa ameyatunza mabuti yake ya polisi, anayang'arisha kila Jumamosi kwa gwaride ambalo hakuna aliyemwalika. Mimi, mtu wa digrii, nilipiga hesabu kwamba nikichukua moja tu hatagundua upesi. Aligundua Jumamosi ileile. Alisimama sebuleni ameshika lililobaki, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Miaka yote nimekamata wezi," akasema, "sijaona aliyeiba kiatu kimoja. Huyo ni mtu wa kusoma sana."

Kutoka kwenye buti lile Fundi alikata vikombe vinne, akavichemsha kwenye nta, akavibana kwenye chuma hadi vikashika umbo. Foku ilishuka ikapanda, ikashuka ikapanda, bila kelele na bila hasira. Alibonyeza usukani kwa mikono miwili labda mara hamsini. Sijawahi kumwona mtu ana furaha kiasi kile akiwa kimya. Kisha akamwita mkewe.

Nilishangaa. Akamfungia sponji kwenye keria aliyokuwa ameifunga kwenye baiskeli yangu huku nikilalamika, akamnyanyua mwenyewe, akamkalisha upande, akaniambia: "Mwalimu, mupeleke hapo mbele na kurudi. Polepole."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anatengeneza muda wote ule. Na kwa kuwa mimi ni mimi, sikuona aibu, niliona fahari. Nilikanyaga pedali nikiwaza jinsi nitakavyosimulia.

Tulikwenda mita thelathini. Shimo la kwanza, mikono yangu haikusikia kitu, raha tupu. Nyuma yangu Mama alitoa sauti ambayo sitaki kuielezea. Shimo la pili, vilevile. Nilishika breki, foku ikazama mbele kwa heshima zote, na Mama akateleza akagonga mgongo wangu na kunishika shati kwa vidole vyote. Nilipogeuka midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu.

Wiki ileile, nakuapia, nilikuwa nimewafundisha kidato cha pili habari za wenzo, mzigo na egemeo. Nilikuwa nimechora ubaoni mzigo nyuma na nguvu mbele. Mtoto wa miaka kumi na nne angeniambia kwamba springi ya mbele haimsaidii aliyekaa juu ya gurudumu la nyuma. Lakini kijana wa kwenye karanga hakuwa na mtu nyuma, kwa hiyo na mimi sikuwa na mtu nyuma. Katika mji ambao baiskeli isiyo na abiria watu huiuliza imepatwa na nini!

Fundi alimshusha mkewe, akamkalisha, akampa maji. Hakunilaumu. Alirudi akaishika foku, akaibonyeza mara moja.

"Tumetengeneza dawa ya mikono yako," akasema. "Mugonjwa alikuwa nyuma."

Halafu akaongeza: "Kosa njo yangu. Niliona, nikanyamaza. Nilisema mwalimu anajua."

Alikaa siku kadhaa bila kupiga tupa. Jumamosi iliyofuata nilimkuta amechora kwa mkaa kwenye sakafu, yeye asiyechora. Ilikuwa chukudu. Ubao mrefu wa chini, Mama akae katikati akielekea mbele, miguu imenyooka. Nyuma springi mbili alizonyofoa kwenye kiti cha lori. Na mbele, foku yetu. Yeye angesimama nyuma, mguu mmoja juu, mmoja ukisukuma ardhi, kama alivyofanya maisha yake yote. Hakukuwa na pedali. Ilikuwa ni kazi ya akili sana na iliniuma kwamba haikuwa na mchango wangu.

"Ubao iko, magurudumu iko," akasema. "Leta foku, mwalimu."

Foku ilikuwa kwenye baiskeli yangu, nje, imeegemea mabati.

Nikamwambia anipe wiki mbili. Nikasema nataka kuifanyia majaribio ya kisayansi. Nilitumia neno hilo, kisayansi, mbele ya mtu aliyekuwa amesimama na nati mkononi akisubiri kufunga. Mama alikuwa pale mlangoni, akasema, "Mwache, ni yake pia. Wiki mbili ni nini?"

Majaribio yalikuwa ya kushuka Naguru Jumapili jioni. Mara ya kwanza nilikuwa wa tatu. Tulikuwa wanne, lakini sikuwahi kuwa wa tatu, na kichwa kilivimba. Vijana walichuchumaa kuitazama foku, wakaibonyeza, wakaniuliza nimeitengenezaje, nami nikaeleza kwa nafsi ya kwanza umoja tangu mwanzo hadi mwisho. Wiki mbili zikapita. Jumapili iliyofuata nilitaka kuwa wa pili. Sikwenda Kisenyi Jumamosi kwa sababu nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikajiambia. Halafu kwa sababu ya mvua. Halafu kwa sababu nilikuwa nimechelewa mno hata kueleza. Pasaka ikapita. Unajua jinsi mtu anavyoogopa mlango aliokawia kuurudia.

Mwisho wake ulikuja mbele ya nyumba za polisi, palipokuwa na mtaro na dada watatu wamekaa ng'ambo wakisuka nywele. Hakuna aliyeniomba niruke. Niliruka. Kwa sekunde moja nilikuwa yule kijana wa kwenye karanga. Kisha gurudumu la mbele likapiga ukingo wa mtaro, mabomba yakapinda, mafuta ya buti la baba yakanimwagikia kwenye suruali, na dada mmoja akasema, "Maskini, amejikojolea."

Nilirudisha foku imefungwa kwenye gunia. Nilikuwa na uongo tayari: taksi imerudi nyuma stendini ikaigonga. Nilieleza hata rangi ya taksi na alichosema kondakta. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Alipitisha dole gumba juu ya bomba, taratibu, pale palipopinda, akalipitisha tena.

"Pole," akasema. "Wewe hukuumia?"

"Sikuumia, Fundi."

"Mungu asifiwe." Na akawasha moto.

Alifanya kazi siku tano. Bomba moja lilinyooka, jingine alilibadilisha. Jumapili nilifika asubuhi, nimevaa shati safi, nikijifanya mtu wa familia. Mama alikaa kwenye ubao juu ya sponji, Fundi akashika usukani kutoka nyuma, akaweka goti, akasukuma. Lile toroli refu likapita kati ya gereji bila kelele, na mafundi wakaacha kazi kutazama. "Banange, jamani, bibi harusi!" muuza vyuma akapiga kelele, akawa anakimbia mbele kufukuza mbuzi na pikipiki. Mimi nilikimbia kando nikitazama uso wa Mama kwenye kila shimo. Uso haukubadilika. Kwenye shimo kubwa la karibu na reli alifumba macho kidogo, foku ikashuka ikapanda, akafumbua, akanitazama.

"Mutoto wangu," akasema, "hata sikusikia."

Kule kanisani walimkalisha mbele kwenye kiti. Nilidhani sauti yake ni ile ndogo ya mlangoni. Banange. Alianzisha peke yake, bila ngoma, na nilihisi viti vikitetemeka chini yetu kabla kwaya haijamfuata. Fundi alikaa karibu na mlango, mikono juu ya magoti, akitazama sakafu kama mtu anayesikiliza injini. Alilia waziwazi. Mimi pia nililia, na niliona tukio zima lilikuwa limekwisha vizuri, na kwamba kwa ujumla nilikuwa nimefanya jambo jema.

Wiki ile nilipata uhamisho. Nilipelekwa kufundisha mbali, magharibi, na nikaaga haraka. Niliahidi kuandika. Usiulize.

Niliporudi Kampala ilikuwa imepita miaka minne. Kile kibanda cha Kisenyi kilikuwa duka la jumla la vyombo vya plastiki. Muuza vyuma alikuwepo bado, ana mvi, na ndiye aliyeniambia kwamba Mama alifariki zamani, mwaka uleule nilioondoka, na kwamba Fundi amehamia chumba kimoja Nsambya, karibu na nyumba za reli. "Kwa nini hukuja kuzika?" akauliza. Nikasema sikujua. Ilikuwa kweli. Lakini kujua kungehitaji barua moja tu kutoka kwangu.

Nilipanda Nsambya kwa miguu, na njiani nilikariri ungamo langu kama mwanafunzi anayekariri shairi. Fundi alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amekonda na amekuwa mrefu zaidi, au ni mimi niliyepungua. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniweka kwenye kiti cha pekee, yeye akakaa kitandani, akachemsha chai kwenye jiko la mafuta. Nikaanza.

"Fundi, ile taksi..."

"Hapakuwa na taksi," akasema. "Uliruka. Bomba ikipigwa kutoka mbele inapinda ingine, ikianguka kutoka juu inapinda ingine. Nilijua siku ile."

"Mbona hukusema?"

"Mama alikataa. Alisema, ukimusemesha, hatarudi tena. Sisi hapa hatukuwa na watoto, mwalimu. Jumamosi njo ulikuwa unakuja."

Ungamo langu lote lilikuwa limekwisha katika dakika moja na sikujisikia nafuu hata kidogo. Akanieleza jinsi nyonga ilivyoanza kuvimba, jinsi madaktari walivyosema, jinsi alivyokwenda. Alieleza bila kulalamika. Kisha uso wake ukafunguka.

"Lakini aliimba! Jumapili tisa aliimba, nyimbo zote aliotaka. Tisa, mwalimu." Alinyoosha vidole tisa, kwa fahari, nivione.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Hesabu ilikuja yenyewe, sikuiita.

"Fundi," nikasema, "mimi nilikaa na foku ile Jumapili kumi na moja."

Akashusha vidole, akamimina chai, akaniwekea sukari nyingi, vile alivyokumbuka ninavyopenda.

"Ninajua," akasema. "Kila moja alivaa. Alivaa nguo ya kwaya, anakaa pale mulangoni. Anasema, labda leo mwalimu anaileta."

Akanisogezea kikombe.

"Kunywa, itapoa."

Nikanywa.